Bajia Zangu Zilimwagwa Siku ya Idd

Bi Raihana, assalaam aleikum.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Likoni na sijawahi kukuandikia, maana nilidhani barua hizi huandikwa na watu waliokosana na wake zao, na mimi na mke wangu hatukuwahi kukosana kiasi cha kupelekana gazetini, lakini sasa yamenifika hapa shingoni na nisipomwambia mtu nitapasuka, kwa hivyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho kisha uniambie kama ni mimi niliyerukwa na akili au ni binti zangu.

Naitwa Mahfudh. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nauza misumari, rangi, mabomba, mabati, na mafundi wote wa huku wananijua. Mke wangu Rukiya alifariki mwaka jana mwezi wa Rajabu, Mungu amrehemu. Tulijaaliwa binti wawili. Mkubwa, Nadhira, ameolewa na Mussab, wanakaa Junda na wana watoto. Mdogo, Israa, hajaolewa, anafanya kazi kwenye duka la dawa, na ndiye ninayeishi naye. Ni watoto wazuri, sikatai, wananipenda, na hilo ndilo tatizo lenyewe, wananipenda mpaka sipumui.

Tangu mama yao alipoondoka mimi si mwenye nyumba tena, ni mgeni. Nikisimama naambiwa nikae. Nikikaa naletewa chai. Nikiifuata chai mwenyewe jikoni nasikia, "Baba, wataka nini huku? Si useme nikuletee!" Nikisema sitaki kitu naulizwa mbona basi nimesimama. Wallahi, Bi Raihana, chai niliyokunywa tangu mke wangu afariki ingetosha harusi. Siku moja nilichemsha yai, yai moja tu, Israa aliporudi kutoka kazini akaona sufuria imelowa, akampigia dada yake simu, na Nadhira naye akanipigia mimi kutoka Junda kuniuliza kama nilikuwa na njaa na kwa nini sikusema. Mtu mzima mwenye mvi nahojiwa kwa sababu ya yai!

Sasa nikwambie habari ya bajia. Kwetu Idd haikuwa Idd bila bajia za dengu. Mgeni akiingia, kabla ya pilau, kabla ya kitu kingine chochote, huwekewa bajia za moto na chatini ya nazi. Rukiya alizipika mwaka wa kwanza tulipooana na hakuacha kuzipika, na hata miaka mitatu ya mwisho, alipopata kiharusi na mkono wake wa kulia ukalala kabisa, Idd ikifika bajia zilikuwa mezani na ladha ni ile ile. Rafiki yangu Masha, jirani yangu wa duka, mtu wa Kaloleni, yeye ni Mkristo na huja kwangu kila Idd kama mimi ninavyokwenda kwake kila Krismasi, na hafichi, husema mbele ya watu kwamba anafuata bajia na kwamba mimi ni kisingizio tu.

Mwaka jana hatukuwa na moyo wa kupokea wageni. Mwaka huu, Ramadhani ilipokuwa inakaribia kwisha, nikawaita binti zangu wote wawili nikawaambia wageni waje kama zamani, na bajia nitapika mimi.

Nadhira akacheka. Alipoona sicheki akanyamaza.

"Baba, wacha tu. Nitaleta mimi."

"Sikuuliza nani ataleta. Nimesema nitapika."

Israa akadakia, "Watu watasema nini, baba? Watasema tumemwacha baba yetu anajipikia."

"Watu watakuwa wanakula, hawatasema kitu."

"Watasema huku wanakula," akanijibu.

Na mimi sikusema napika biriani, Bi Raihana, wala sikusema naoka mkate wa sinia wala mambo makubwa ya wanawake wenye ujuzi wao. Nilisema bajia. Dengu, kitunguu, thomu, pilipili, dania, chumvi, mafuta, basi. Kuna kitu rahisi kuliko hicho? Nyumba hii tunayokaa saruji yake niliichanganya kwa mikono yangu, halafu nishindwe na dengu? Nilitaka tu kuwe na kitu kimoja mezani siku ya Idd ambacho Rukiya angekitambua, na nilitaka kitoke kwangu. Sikuwaambia hivyo, niliwaambia nitapika na kwamba mazungumzo yamekwisha.

Dengu nilizirowesha jioni ya kuamkia Idd. Siku ya Idd, niliporudi kuswali, nikavua kanzu, nikavaa kikoi, nikaingia jikoni na nikafunga mlango. Israa akawa anagonga na kuniuliza kama nimeona kiberiti kilipo. Sikujibu. Nikatia dengu kwenye blenda, blenda ikagoma, nikaongeza maji, ikazunguka, ikanitolea kitu kama uji wa mgonjwa. Nikaongeza unga wa ngano kushikilia, nikaongeza tena, nikachanganya. Za kwanza zilitawanyika kwenye mafuta zikapotea. Za pili zilishikana moja na nyingine. Nikaongeza moto, za tatu zikageuka nyeusi kabla sijapata kijiko. Lakini mwisho nilijaza bakuli. Sura zake sikudanganyi hazikuwa za kupendeza, ila nilionja moja pembeni ikalika, na zilikuwa zangu. Nikazifunika kwa kawa, nikafungua mlango, nikaenda kuoga niwapokee wageni.

Wageni wakaja, dada yangu na wanawe, majirani, Masha na mkewe Menza. Nadhira alikuwa ameshafika kutoka Junda na sufuria ya pilau. Tukakaa, tukaulizana hali, kisha Israa akaleta bajia. Masha hakungoja chatini. Alitia moja mdomoni, akafumba macho, akakaa hivyo, mpaka mkewe akamgusa bega.

"Mahfudh," akasema, "hizi ndizo zenyewe. Leo umenirudishia shemeji yangu."

Menza akachukua, akasema kweli. Dada yangu akala akaanza kujifuta machozi kwa leso. Watu wananipa mkono, wananiambia hongera, wananiuliza nimejifunzia wapi, na mimi kifua kimenijaa, nimekaa kama bwana harusi. Nikanyoosha mkono nikachukua moja nami nile.

Ilikuwa nyepesi, ilivunjika mdomoni, na pilipili yake ikaja nyuma, baada ya kumeza, kama zilivyokuwa zikija siku zote. Nywele zilinisimama. Ile haikuwa bajia yangu, Bi Raihana. Ile ilikuwa ya Rukiya.

Nikainuka, nikaenda jikoni. Bakuli langu lilikuwa limeoshwa, limepinduliwa. Nikafungua ndoo ya taka. Chini ya maganda ya vitunguu zilikuwa zangu, zote, bado zina joto.

Nikarudi sebuleni nikasimama mlangoni.

"Nani amepika hizi?"

Israa akamtazama dada yake.

"Nauliza, nani amepika hizi?"

"Ni mimi, baba," Nadhira akasema. "Nilizileta kutoka nyumbani, kama zako zitakataa..."

"Zangu zimekataa nini?"

"Zilikuwa mbichi ndani, baba. Wageni wangeumwa na matumbo. Sikutaka uaibike."

"Kwa hivyo umeona uniaibishe wewe."

"Baba, tuzungumze jikoni."

"Jikoni si nimefukuzwa!" nikamwambia, na hapo, Bi Raihana, maneno yakanitoka, nikasema mbele ya shangazi yake, mbele ya Masha, mbele ya watu wote, "Mama yako asingenifanyia hivi hata siku moja. Umeuiba mkono wa mama yako, ukaja kunipiga nao mbele ya wageni."

Nadhira aliiweka chini taratibu sinia ya glasi aliyokuwa ameishika, akawaita wanawe, akachukua mkoba wake na akaondoka, na pilau yake haijafunuliwa. Masha alikuwa ameshika bajia ya pili na hajui aiweke wapi.

Tangu siku hiyo Nadhira hakanyagi kwangu wala hapigi simu. Mussab alikuja dukani kumsemea mkewe, nikamwambia kama hanunui kitu asinizibie mlango. Israa bado ananiletea chai, lakini sasa anaileta bila kusema neno, na hiyo ni mbaya zaidi. Idd kubwa imekaribia, nilipomwuliza Israa tutafanyaje, akaniambia dada yake haji, na kama dada yake haji basi na yeye ataenda Junda. Nikamwambia aende, nitafunga mlango na wageni watakuta kufuli. Lakini tangu nimesema hivyo sipati usingizi.

Mimi naona nimedhulumiwa. Chakula changu, nyumbani kwangu, kimemwagwa nyuma yangu, nikafanywa nipokee pongezi za kazi ya mtu mwingine kama mjinga, halafu mimi ndiye ninayenuniwa. Wanasoma gazeti hili wote wawili. Nataka uwaambie wazi kwamba mwanamume ana haki ya kupika dengu nyumbani mwake, na kwamba wao ndio wanaopaswa kuja kuniomba radhi, kisha nitawasamehe inshallah. Je, nimekosea wapi?

Mahfudh, Likoni.

*

Bwana Mahfudh, wa aleikum salaam.

Kwanza pole sana kwa kumpoteza Rukiya. Mtu akiondoka na mkono wake wa kupika, nyumba hufiwa mara mbili, na wewe hata kulia hukupewa nafasi, umepewa chai. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nimeshika kichwa.

Nitaanza na binti zako kwa kuwa umeniambia wanasoma. Nadhira na Israa, chakula cha mtu hakimwagwi nyuma yake, na cha baba yenu ndiyo kabisa. Zilikuwa mbichi? Mngemwita, mkamwonyesha, mkazirudisha kwenye mafuta. Hazikufaa kabisa? Mngemwambia kabla hajaketi kupongezwa. Kumwacha mzee wa watu apokee mikono ya wageni huku bajia zake ziko ndani ya ndoo, hilo lilikuwa kosa, na nia njema hailifuti. Na hiyo chai ipunguzeni. Baba yenu amefiwa, hakukatika mikono. Mwacheni achemshe yai, aoshe sufuria, aungue kidole kidogo. Hayo ya watu watasema nini ni upuuzi mtupu. Nendeni kwenye harusi yoyote hapo Likoni mtazame ni nani waliosimama juu ya masufuria ya biriani, kama si wanaume watupu wamejifunga vikoi na majasho yanawatoka.

Haya, hao nimewamaliza. Sasa wewe.

Umeniandikia, kwa mkono wako, kwamba mkeo alipata kiharusi na mkono wake wa kulia ukalala miaka mitatu. Ukaniandikia tena hapo hapo kwamba miaka hiyo mitatu bajia zilikuwa mezani na ladha ni ile ile. Bwana Mahfudh, hebu tulia unijibu. Mkono mmoja humenya thomu vipi? Hukata kitunguu vipi? Huchuja dengu, huzisaga, huchota, huinua karai la mafuta ya moto vipi? Idd ngapi umekaa hapo sebuleni ukala, ukasifu, ukachukua nyingine, na hukuinuka hata mara moja kwenda kuchungulia? Unalalamika leo kwamba umefungiwa jikoni. Wakati mlango ulipokuwa wazi ulikuwa wapi?

Mimi sikuwa nyumbani kwako na sikuona kitu. Lakini nadhani najua ni nani aliyekuwa akija mapema siku ya Idd "kumsaidia mama". Ile ladha iliyokusimamisha nywele ndiyo uliyoila miaka mitatu mfululizo, na iliyokupikia ni mikono ya Nadhira. Wewe ukasimama mbele ya watu ukamwambia ameuiba mkono wa mama yake. Kama dhana yangu ni kweli, huyo mtoto hakuiba mkono wa mtu. Alimpa mama yake wa kwake.

Na juu ya hapo ukamwambia mama yake asingefanya vile. Hayo ndiyo maneno ya kumwambia binti aliyezika mama? Unadhani ni wewe peke yako unayemtafuta Rukiya jikoni? Na wao wanamtafuta mle mle. Nyote watatu mmebanana kwenye mlango mmoja, mnasukumana, kila mmoja anadhani ni yeye tu aliyefiwa. Halafu unaniuliza umekosea wapi! Mimi sijui pa kuanzia, lakini hapo panatosha.

Unataka waje wakuombe radhi kwanza. Hawaji, na wewe unajua hawaji, ndiyo maana hulali. Wao walimwaga bajia, na bajia zinapikwa nyingine. Ulichokimwaga wewe ni kizito zaidi, kwa hivyo anza wewe. Hili si la kuvutana.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi usifungue duka. Vuka feri uende Junda. Usipige simu kwanza, usimtume Israa, usibebe zawadi. Mussab ukimkuta, mwombe radhi pale pale mlangoni, mtu alikuja kwako kwa adabu zake ukamfukuza kama aliyekuja kukopa bati. Kwa Nadhira usianze na bajia. Anza na yale maneno. Mwambie, "Mwanangu, nilikukosea, tena nilikukosea mbele ya watu." Kisha nyamaza. Usitie "lakini". Wanaume mnaomba radhi vizuri sana mpaka mnapofika kwenye "lakini", hapo mnaharibu kila kitu. Akiwa na lake moyoni mwache aliseme lote, na wewe siku hiyo si wa kujibu. Akimaliza, mwulize swali nililokuuliza mimi kuhusu miaka ile mitatu. Huenda nimekosea. Sidhani.

Baada ya hapo mwambie akufundishe. Sikiliza vizuri, nimesema akufundishe, sikusema akupikie. Na usije ukaniaibisha mimi niliyekutuma, nenda ukijua mambo machache. Dengu zikishavimba zichuje mpaka zisidondoshe maji, kisha uzisage bila kuongeza hata tone. Blenda ikigoma izime, ikoroge kwa mwiko, uiwashe tena, usikimbilie maji ya bomba. Zisilainike, ziache na chembechembe. Kitunguu na dania tia baadaye, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, unakaribia kukaanga, kwa sababu chumvi inatoa maji. Tia tonge moja dogo kwenye mafuta kwanza, likizama likakaa chini, ngoja. Zikaange chache chache, na moto usiukuze kwa haraka zako. Na unga wa ngano, nakuomba kwa heshima zote, uuache kwenye kopo lake. Wewe umechanganya saruji ya nyumba yako, unajua kitu kikizidi maji hakiponyeki kwa kuongezwa vitu.

Idd kubwa ikifika, wewe ndiye utakayekaanga na binti zako wakae. Zikitoka mbaya waambie wageni ni zako, na wazile hivyo hivyo. Kufuli liache dukani.

*

Jibu hili nilimtumia Bwana Mahfudh kabla ya kulichapisha, maana Idd ilikuwa mlangoni na gazeti lingemchelewea. Sikukuu ilipopita akaniletea ujumbe, na ameniruhusu niutoe kama ulivyo.

"Bi Raihana, barua yako ilinikasirisha nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikaenda nayo dukani, nikakaa, nikaitoa, nikaisoma tena. Sikuwahi kuulizwa swali kama lile. Asubuhi yake nilivuka.

Idd tumeshasherehekea, wote walikuwepo, na Mussab nimemalizana naye. Bajia za kwanza ziliungua, zilizofuata ziliiva, Masha amekula na hajalalamika sana. Lakini si hayo ninayotaka kukwambia, nataka kukwambia ya Junda.

Nilibisha hodi, Nadhira akafungua, mikono imelowa, anatazama chini. Nikasema maneno uliyonipa, yote, bila ile 'lakini', ingawa ilinijia ulimini mara mbili. Sikujua atalia au atafunga mlango. Alinitazama kisha akasema, 'Vua viatu, baba, nimepiga deki.' Nikavua. Nikamfuata mpaka jikoni, akanivutia kiti na akaanza kuweka birika motoni. Nikamwambia sitaki chai. Akazima moto.

Hapo nikamwuliza. Bi Raihana, hukukosea. Ilikuwa ni yeye, miaka yote ile mitatu. Alikuwa akija alfajiri, na mama yake akiwekwa kwenye kiti karibu na meko, anaonja rojo kwa ncha ya kidole cha mkono wa kushoto na anamgombeza, chumvi imezidi, hiyo umeisaga sana, mafuta hayajapata moto. Nadhira aliniambia kuna mwaka aligombezwa mpaka akalia, na mama yake akacheka naye akaishia kucheka.

Nikamwuliza, mbona siku ile nilipokuwa nakutukana mbele ya watu hukusema? Neno moja tu lingetosha kuninyamazisha.

Akasema, 'Mama alinikataza. Alisema baba yako akijua mkono wangu umekwisha hata kwa bajia ataanza kunisikitikia, na mimi sitaki kusikitikiwa. Mwache ale akijua ni mimi.'

Mimi nilikuwa nimekaa. Nilikuwa najitahidi kukumbuka Idd zile, nilikaa wapi, nilisema nini, kama nilimsifu vya kutosha, na kama alinisikia kutoka kule jikoni.

Nadhira hakunisubiri nimalize. Alikwenda kabatini akatoa bakuli la dengu alizokuwa amezirowesha kwa chakula cha wanawe, akazichuja, akanisukumia pamoja na mwiko.

'Haya, baba, simama,' akasema. 'Na hilo bomba usiliguse.'"